Neno "Reserve" na Ardhi ya Simiyu: Akiba ya Nani?

Kuna maneno ya Kiingereza ambayo mwanafunzi wa Tanzania hujifunza mara mbili. Mara ya kwanza hujifunza darasani, neno likiwa na maana moja iliyoandikwa pembeni mwa ukurasa wa daftari. Mara ya pili hujifunza nje ya darasa, pale neno hilo hilo linapomfikia likiwa ndani ya sheria, ndani ya ramani au ndani ya hati ya mashtaka, na hapo hugundua kwamba maana ya daftarini haikutosha. Neno "reserve" ni mojawapo ya maneno hayo, na ni vigumu kupata mahali pazuri pa kujifunzia historia yake kuliko Mkoa wa Simiyu.

Mkoa huu ni mchanga. Ulianzishwa rasmi mwaka 2012, makao makuu yakiwa Bariadi, kwa kuunganisha wilaya zilizokuwa Shinyanga na eneo la Busega lililomegwa kutoka Mwanza. Una wilaya tano: Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega. Upande wa mashariki unapakana na Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, na ndani yake limo Pori la Akiba la Maswa, ambalo kwa Kiingereza huitwa "Maswa Game Reserve". Upande wa magharibi Mto Simiyu, uliompa mkoa jina lake, unapeleka maji yake Ziwa Viktoria. Katikati wanaishi wakulima wa pamba na mahindi ambao ni wafugaji vilevile, wengi wao Wasukuma, na ambao kila kiangazi hulazimika kuamua ng'ombe wao watakula wapi.

Hoja yangu katika makala haya ni moja. Neno "reserve" lina maana kuu mbili, na tofauti iliyopo kati yake ni tofauti ya nani anashika ufunguo. Sheria iliingia nchini kwa maana ya pili, tafsiri yetu ya Kiswahili ikaipa jina la maana ya kwanza, na mwananchi aliyesikia jina akatarajia kitu ambacho sheria haikumwahidi. Sehemu ya migogoro yetu ya ardhi imejificha katika mwanya huo.

Maana za neno

Tuanze na kamusi. "Reserve" linatokana na Kilatini, ambako maana yake ilikuwa kuweka nyuma, kubakiza. Katika Kiingereza cha leo ni kitenzi na pia ni nomino. Msafiri anayeomba awekewe chumba cha hoteli kabla hajafika anakitumia kitenzi hicho. Kocha ana wachezaji wa akiba benchini, nchi ina jeshi la akiba, Benki Kuu ina akiba ya fedha za kigeni, na zote hizo kwa Kiingereza ni "reserve". Katika mnada, bei ambayo mwenye mali hataki kushuka chini yake huitwa "reserve price". Jaji akisikiliza kesi kisha akasema hukumu ataitoa siku nyingine, Kiingereza husema ame-"reserve" hukumu. Mtu asiyefungua moyo wake upesi mbele ya wageni husemwa kuwa ni "reserved". Na nyuma ya jalada la karibu kila kitabu tunachosoma pameandikwa "all rights reserved", ambayo wachapishaji wetu huitafsiri "haki zote zimehifadhiwa".

Ukizipanga maana hizi, utaona zinagawanyika katika mafungu mawili. Katika fungu la kwanza, mtu anaweka kitu chake leo ili akitumie yeye mwenyewe kesho. Mchezaji wa akiba ni wa timu ileile, na fedha za akiba ni za nchi ileile. Katika fungu la pili, kitu kinatengwa kwa ajili ya fulani, na kwa kutengwa huko wengine wanazuiwa. Kiti kilichoandikwa "reserved" ukumbini hakisemi kimezuiliwa kwa nani, lakini kila aliyesimama anajua. "Haki zote zimehifadhiwa" haina maana kwamba haki za msomaji zimewekwa mahali salama. Maana yake ni kwamba zinabaki kwa mwenye kitabu, na msomaji asinakili.

Kisarufi, neno hili hufuatwa na kihusishi cha Kiingereza "for", yaani kwa ajili ya fulani. Hicho ndicho husomwa kwenye kibao. Kinachoachwa bila kuandikwa ni kile cha pili, "from", yaani kutoka mikononi mwa fulani. Wanafunzi wangu wa historia huwa nawaambia kwamba kila wakiona "reserve" katika hati ya zamani, waitafute ile sehemu ya sentensi ambayo haikuandikwa.

Sasa tazama Kiswahili kilifanya nini. Tuna maneno matatu yanayogombea kazi hii. La kwanza ni akiba, ambalo asili yake ni Kiarabu na linahusiana na kile kinachokuja nyuma, mwisho wa jambo. Kwetu limekuwa neno la mtu mwenye busara: akiba haiozi. La pili ni hifadhi, lenye mzizi wa kulinda na kutunza, mzizi uleule wa aliyehifadhi Kurani kifuani. La tatu ni tengefu, linalotokana na kutenga. Katika lugha ya serikali, "game reserve" imekuwa pori la akiba. "Forest reserve" imekuwa hifadhi ya msitu. Taasisi ya serikali inayonunua na kutunza nafaka, ambayo kwa Kiingereza ni "reserve agency", inaitwa Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula. Na neno tengefu, ambalo lingekaribia zaidi maana ya sheria, limepewa kitu kingine kabisa: pori tengefu ni tafsiri ya "game controlled area", eneo ambalo kihistoria watu waliishi na kuchunga ndani yake huku uwindaji ukidhibitiwa.

Matokeo yake ni kinyume cha matarajio. Eneo lililofungwa zaidi limepewa jina la kibubu cha nyumbani. Eneo lililokuwa wazi zaidi limepewa jina la kutengwa. Siwalaumu wafasiri, maana walikuwa na maneno machache na kazi nyingi. Lakini neno likishaingia katika sheria huanza kufanya kazi peke yake, bila kumsubiri aliyelitafsiri.

Neno linaingia katika sheria

Kwa nini wanyama wa porini waliwekewa neno hili? Jibu liko Ulaya, karne nyingi kabla ya ukoloni. Baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066, wafalme wao walitenga maeneo makubwa kuwa misitu ya kifalme ya kuwindia. Mkulima aliyeua paa ndani ya msitu huo aliadhibiwa vikali, ingawa msitu ulikuwa nyuma ya nyumba yake. Wanyama walilindwa ili mfalme asikose mawindo. Huo ndio ukoo wa "game reserve". Hata neno "game" lenyewe, ambalo watoto wetu hulijua kwa maana ya mchezo, katika maneno haya ni mnyama wa kuwindwa kwa burudani.

Ukoo huo ulifika kwetu kwa njia ya Wajerumani. Mwaka 1896 Gavana Hermann von Wissmann alitoa amri ya uwindaji iliyodai leseni na kutenga maeneo ya kwanza ya kulindia wanyama, mojawapo likiwa katika bonde la Rufiji. Wenyeji wa kusini walilipa eneo hilo jina ambalo limeishi kuliko utawala wa Kijerumani wenyewe: Shamba la Bibi, kwa masimulizi kwamba Kaisari alimpa mkewe. Masimulizi hayo si hati, lakini kama tafsiri yana usahihi ambao kamusi haina. Wenyeji hawakutafsiri mnyama wala pori. Walimtafsiri mwenye mali. Waliona eneo limetengwa, wakauliza limetengwa kwa ajili ya nani, wakaliandika jibu ndani ya jina.

Waingereza walipochukua Tanganyika walitunga sheria yao ya kuhifadhi wanyama mwaka 1921. Serengeti ikawa "game reserve" kuanzia mwaka 1929, ikawa hifadhi ya taifa mwaka 1951, kisha mwaka 1959 ikagawanywa, Ngorongoro ikawa eneo lake peke yake. Kwa kawaida historia hii husimuliwa kutoka mashariki, upande wa Wamaasai, na ni haki kufanya hivyo. Lakini Serengeti ina upande wa magharibi pia. Kwa watu wa Ntuzu, Kanadi, Itilima na Meatu, nyika ile ilikuwa mahali pa kuwinda, kurina asali na kuchunga mvua zilipokosekana nyumbani.

Kuna jambo la kushangaza katika miaka hiyo. Msimamizi mkuu wa kwanza wa wanyamapori wa serikali ya Kiingereza Tanganyika aliitwa C. F. M. Swynnerton. Mwaka 1929 mtu huyohuyo alikuwa mkuu wa utafiti wa mbung'o, na kituo cha utafiti huo kikawa Shinyanga. Mbung'o walikuwa wanaua ng'ombe kwa nagana na watu kwa malale, na dawa iliyoaminika ilikuwa kufyeka vichaka walimojificha. Maelfu ya Wasukuma waliitwa kupitia watemi wao kwenda kufyeka. Hivyo kizazi kimoja kilipokea amri mbili kutoka kwa serikali moja: upande wa jua kuchomoza, kichaka kisiguswe, upande wa jua kutua, kichaka kikatwe chote. Zote mbili zilikuwa na sababu za kitaalamu. Wala katika moja hakuulizwa aliyeishi pale kichaka kilimsaidia nini.

Jirani zetu wa Kenya walilijua neno hili kwa njia ya uchungu zaidi, kwa sababu kule liliwekewa watu. Mipaka ya "native reserves" ilitangazwa rasmi mwaka 1926, na kwa sheria ya mwaka 1930 serikali ya kikoloni iliahidi kwamba ardhi hiyo itakuwa ya Waafrika milele. Mwaka 1931 dhahabu ikagunduliwa Kakamega. Kabla mwaka 1932 haujaisha sheria ilirekebishwa ili ardhi yenye dhahabu iweze kuondolewa bila wenyeji kupewa ardhi nyingine badala yake. Milele ilidumu miaka miwili. Tanganyika haikuwa na mfumo wa namna hiyo. Hapa sheria ya ardhi ya mwaka 1923 iliweka ardhi yote chini ya mamlaka ya Gavana. Lakini somo ni moja: aliyetenga ndiye aliyebaki na uwezo wa kutengua.

Pori la Akiba la Maswa

Mwezi Septemba 1961, miezi michache kabla ya Uhuru, Mwalimu Nyerere alitoa tamko mjini Arusha akiwaahidi walimwengu kwamba Tanganyika itawatunza wanyamapori wake, wawe urithi wa wajukuu wa watoto wetu. Hapo, kwa mara ya kwanza katika historia hii, neno akiba lilistahili. Urithi unaotunzwa kwa ajili ya wajukuu ni akiba kwa maana ileile anayoijua bibi aliyehifadhi mbegu ghalani. Mwenye kuweka na mwenye kutumia ni ukoo mmoja.

Pori la Akiba la Maswa lilianzishwa katika miaka ya kwanza baada ya Uhuru, na mipaka yake imebadilishwa zaidi ya mara moja tangu hapo. Lina ukubwa unaozidi kilomita za mraba 2,000. Anayelitafuta ramani akidhani liko Wilaya ya Maswa hataliona huko, kwa kuwa jina limebaki pale lilipokuwa wakati Maswa ilikuwa wilaya kubwa, kabla Bariadi na Meatu hazijamegwa. Jina limekuwa akiba ya historia ya utawala.

Kazi ya pori hilo ni kubwa na haipaswi kudharauliwa. Liko kusini-magharibi mwa Serengeti, na nyumbu na pundamilia wanaozunguka na mvua hawajui mpaka wa hifadhi unaishia wapi. Bila Maswa, mashamba yangefika ukingoni mwa Serengeti. Lakini tuwe wakweli kuhusu maana ya kisheria. Katika hifadhi ya taifa uwindaji umekatazwa. Katika pori la akiba uwindaji wa kitalii unaruhusiwa kwa leseni, na Maswa limegawanywa katika vitalu vya uwindaji, vikiwemo Mbono na Kimali. Mgeni aliyelipa anaweza kuingia na bunduki. Mkazi wa kijiji cha jirani hawezi kuingia na ndama. Mapato yanaingia serikalini, na sehemu yake hurudi kwenye halmashauri, lakini mwananchi anapouliza "akiba yangu iko wapi", anakuwa ametumia Kiswahili sahihi kabisa kwa swali ambalo sheria haikuandaliwa kulijibu.

Sheria imezidi kukaza. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2009 ilipiga marufuku malisho hata katika mapori tengefu. Kwa upande mwingine, sera ya mwaka 1998 ilifungua njia ya vijiji kutenga ardhi yao wenyewe kuwa Jumuiya za Hifadhi ya Wanyamapori, na wilayani Meatu ipo ya Makao. Huko angalau kijiji kinaandikwa kuwa mmoja wa wenye ufunguo, ingawa ni lazima kiulizwe kila mwaka ufunguo huo unafungua mlango upi.

Na wanyama nao hutoka. Wakulima wa Bariadi, Itilima, Busega na Meatu wanawajua tembo wanaoingia mashambani usiku na kumaliza mazao ya msimu mzima. Sheria yetu haiwaahidi fidia. Kanuni za mwaka 2011 zinatoa kile kinachoitwa kifuta jasho kwa aliyepoteza mazao au mifugo, na kifuta machozi kwa aliyejeruhiwa au kufiwa. Lugha hapa ni ya kweli kuliko tulivyozoea: jasho linafutwa, shamba halirudi. Katika akiba ya kawaida mweka akiba hupata faida. Katika akiba hii, yeye ndiye anayegharimia ulinzi kwa mahindi yake.

Akiba ya pamba

Watu wa Simiyu wana ujuzi mwingine wa neno hili, kutoka kwenye pamba, zao ambalo mkoa wao unaongoza kitaifa. Wakati wa Vita Kuu ya Pili na baada yake, serikali za kikoloni za Afrika Mashariki zilinunua mazao kwa bei iliyopangwa, na tofauti kati ya bei ya mkulima na bei ya soko la dunia ikawekwa katika mifuko ya akiba. Nchini Uganda fedha za namna hiyo zilikuwa nyingi mno, na wakulima hawakuwa na sauti juu ya matumizi yake. Malalamiko kuhusu pamba, bei na haki ya kuichambua yalikuwa miongoni mwa sababu za ghasia za Buganda za mwaka 1949.

Kanda ya Ziwa wakulima walichagua njia ya ushirika. Walitaka kwanza kushika mizani, kwa kuwa kila aliyepeleka pamba dukani alijua jinsi kilo zinavyoweza kupungua njiani kati ya gunia na daftari. Mwaka 1955 vyama vyao viliungana kuwa Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria chini ya uongozi wa Paul Bomani, likawa miongoni mwa mashirika makubwa ya ushirika barani Afrika. Dai lao lilikuwa la maana ya neno: kama fedha hizi ni akiba, basi aliyeweka ajue kiasi na awepo siku ya kufungua.

Ngitili

Jambo linalosahaulika katika mijadala hii ni kwamba Wasukuma hawakuhitaji Kiingereza wala Kiswahili ili kuwa na wazo la "reserve". Walikuwa na neno lao: ngitili.

Ngitili ni eneo la malisho linalofungwa mvua zinapoanza. Katika miezi ya mvua majani ni mengi kila mahali, ng'ombe huchungwa kwingine, na ndani ya ngitili nyasi na miti huachwa vikue. Kiangazi kinapokaza, kwa kawaida kuanzia Julai au Agosti, nyasi zikiwa zimekwisha kwingine, ngitili hufunguliwa, mara nyingi sehemu kwa sehemu, wakianza kuingizwa ndama, ng'ombe wa maziwa na maksai wa kulimia. Ziko ngitili za kaya na ziko za jamii. Anayeingiza ng'ombe kabla ya wakati huulizwa na wazee, hufikishwa mbele ya dagashida, yaani mkutano wa jadi, na hutozwa faini. Baadaye sungusungu nao walipewa kazi ya kuzilinda.

Tazama jinsi neno hili lilivyokamilika. Ndani yake kuna kutenga, kuna kuzuia, kuna adhabu, kama ilivyo katika sheria ya Kiingereza. Lakini pia kuna tarehe ya kufungua, na anayezuiwa mwezi Januari ndiye anayeruhusiwa mwezi Agosti. Maana zote mbili za "reserve" zimefungwa pamoja, wala moja haijaachwa nje.

Desturi hii ilikaribia kufa. Kufyeka vichaka kwa ajili ya mbung'o, kupanuka kwa mashamba ya pamba na kuongezeka kwa mifugo viliacha ardhi wazi. Operesheni Vijiji ya miaka ya 1974 na 1975 iliwahamisha watu mbali na maeneo waliyoyatunza, na ngitili isiyo na mtu wa karibu ni ardhi tu. Shinyanga, ambayo wakati huo ilikuwa na Bariadi, Maswa na Meatu ndani yake, ikaanza kuitwa jangwa. Mwaka 1986 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliojulikana kama HASHI. Wataalamu wake walifanya jambo adimu: badala ya kuleta neno jipya, waliuliza wazee neno lao lilikuwa nini. Ngitili zilizokuwa zimeorodheshwa mwanzoni zilikuwa takriban hekta 600. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikuwa zimezidi hekta 300,000, na mwaka 2002 mradi ulipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Miti ilirudi na kuni zikapatikana karibu, tena bila uzio wa waya. Kilichorudi kwanza kilikuwa uhakika wa mtu kwamba alichokifunga yeye atakifungua yeye.

Maswali manne

Haya yote yana uzito leo kwa sababu mbili. Ya kwanza ni ya ardhi. Januari 2019 Rais John Magufuli alisimamisha kuondolewa kwa vijiji vilivyomo katika maeneo ya hifadhi na kuunda kamati ya mawaziri. Vijiji 975 nchini vilitajwa kuwa na migogoro ya namna hiyo, na 920 kati yake vikaamuliwa kubaki. Hesabu hiyo inatuonyesha ni mara ngapi mstari ulichorwa juu ya watu waliokuwapo, au watu walijikuta ndani ya mstari ambao hawakuwahi kuuona.

Ya pili ni ya lugha. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 yaliifanya lugha ya Kiswahili kuwa lugha ya sheria za Tanzania. Sheria zilizoandikwa kwa Kiingereza zinatafsiriwa, na kila tafsiri ni uamuzi. Mtumishi wa umma aliyeketi mezani akiwa na neno "reserve" mbele yake ana akiba, hifadhi na tengefu za kuchagua, na kila moja linamwahidi mwananchi kitu tofauti.

Sipendekezi tubadilishe vibao vyote vya barabarani. Napendekeza kila hati inayotenga ardhi, iwe Tangazo la Serikali au mpango wa matumizi bora ya ardhi wa kijiji, ijibu maswali manne kwa sentensi zilizo wazi. Nani anatenga? Anatenga kwa ajili ya nani? Anazuiwa nani, na alikuwa akipatumia kwa kazi gani? Na litafunguliwa lini, kwa masharti gani, au halitafunguliwa kamwe? Mzee wa ngitili anayajibu yote manne bila kuandika. Sheria yetu mara nyingi hujibu mawili ya kwanza na kunyamaza.

Kuna maeneo ambayo jibu la swali la nne linapaswa kuwa "kamwe", na chanzo cha maji cha Mto Simiyu ni mfano mmoja. Mwananchi anaweza kulielewa jibu hilo akielezwa sababu na akipewa mbadala. Asichoweza kukielewa ni kuambiwa kwamba ni akiba, kisha kukamatwa siku aliyoifuata.

Kwa wanafunzi wanaonisoma, zoezi la msamiati ni hili. Chagueni eneo moja lililotengwa karibu na kwenu, mtafute tangazo lililolianzisha, mlisome katika lugha liliyoandikwa, kisha mjaze majibu ya maswali hayo manne. Pale mtakapokosa jibu, nendeni kwa mtendaji wa kijiji na kwa ofisi ya ardhi ya wilaya mkaulize. Mkimaliza mtakuwa mmejua maana ya "reserve", na ofisi hizo zitakuwa zimejua kwamba kuna watu wanaolisoma neno hilo mpaka mwisho.